Namna ya kuanika mboga, matunda na viungo nyumbani bila kuviunguza na jua

Kinachokausha chakula ni hewa kavu inayotembea. Jua kazi yake ni kuipasha joto hewa hiyo, basi. Ukilishika hilo utaelewa kwa nini mchicha ulioanikwa juu ya bati saa sita mchana hugeuka kahawia na kunuka kama majani makavu ya ng'ombe, ilhali majani ya kunde yaliyotandazwa kwenye ungo chini ya mwembe, upepo ukiyapitia, hubaki na rangi yake mpaka mvua nyingine.

Watu wa bara wanaijua kazi hii tangu zamani. Dodoma na Singida mlenda hukaushwa, ukatwangwa na kuwekwa akiba ya kiangazi. Usukumani viazi vitamu hukatwa vibichi na kuanikwa vikawa michembe, au huchemshwa kwanza vikawa matobolwa. Pemba karafuu hutandazwa juani kwenye majamvi. Mjini ndiko tulikoacha, kwa sababu sokoni mboga haikosekani. Lakini anayenunua nyanya kila wiki anajua kisa chake: msimu ukifika tenga zima linauzwa kwa bei ya kutupa, halafu miezi michache baadaye unapewa nyanya tatu ndogo kwa hela ile ile. Mwongozo huu ni wa mwenye tuta la mchicha uani na pia wa yule anayerudi na mfuko kutoka sokoni.

1. Kwanza itazame hewa ya mahali ulipo

Kuanika nje kunakwenda vizuri joto likiwa nyuzi 30 za selsiasi au zaidi na unyevu wa hewa ukiwa chini ya asilimia 60. Simu nyingi zinaonyesha unyevu huo kwenye taarifa za hali ya hewa. Usipokuwa na simu ya namna hiyo, itazame chumvi mezani. Ikimiminika yenyewe, anika. Ikiwa imeganda na kushikamana kwenye kichupa, hewa imejaa maji na haina nafasi ya kupokea mengine kutoka kwenye nyanya zako.

Dodoma, Singida na Shinyanga kuanzia Juni hadi Oktoba hewa kavu inapatikana bila taabu. Arusha na Moshi, Juni na Julai ni mawingu na baridi. Afadhali Januari na Februari. Njombe na Mbeya kiangazi ni kikavu lakini kina baridi, kwa hiyo kitu kitakauka vizuri, ila kitachukua siku zaidi.

Pwani ndiyo penye mtihani. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja joto halipungui, lakini hewa inatoka baharini na maji yake. Mkazi wa pwani afanye mambo matatu: akate vipande vyembamba kuliko wa bara, achague siku zenye upepo, na awe tayari kumalizia kazi kwenye oveni. Asijaribu kabisa wakati wa masika. Nyanya zitaota ukungu kabla hazijasinyaa.

Popote ulipo, anika kuanzia saa tatu asubuhi umande ukishapotea, na uanue kabla ya saa kumi na moja jioni. Kitu kikilala nje usiku hunywa tena maji uliyohangaika kuyatoa mchana kutwa, na huo unyevu wa usiku ndio unaoleta kuvu. Kiingize ndani, kifunike kwa kitambaa kikavu, kesho ukitoe tena.

2. Vyombo

Huhitaji kununua vingi. Ungo unafaa sana kwa majani. Kwa matunda na nyanya tengeneza fremu ya mbao, ipigilie wavu wa plastiki ule wa madirishani, kisha iweke juu ya matofali ili hewa ipite juu na chini. Sinia la bati au turubai chini halifai kwa vitu vyenye maji, kwa maana upande wa chini hubaki umelowa na kuanza kuchacha. Wavu wa waya uliopakwa zinki, kama ule wa mabanda ya kuku, usiguse nyanya, embe wala nanasi. Tindikali ya matunda hayo hula zinki na kuiingiza kwenye chakula.

Juu funika kwa kitambaa chepesi cha neti dhidi ya nzi. Na hapa niseme wazi, kwa sababu nimeiona sehemu nyingi: usitumie chandarua cha kulalia. Vyandarua vinavyogawiwa kliniki na shuleni vimewekwa dawa ya kuua mbu tangu kiwandani. Hata kikiwa kikuukuu hakifai kugusa chakula. Nunua kipande cha pazia la neti dukani, kitakukalia miaka.

Ukitaka kwenda mbele zaidi, tengeneza kaushio la jua. Ni sanduku la mbao lenye upana wa mita moja na urefu wa mita mbili, sakafu yake imepakwa rangi nyeusi, paa lake ni nailoni angavu ya kitalu, na katikati kuna fremu zako za wavu. Toboa matundu chini upande wa mbele na mengine juu upande wa nyuma, yote yazibwe kwa wavu. Hewa inaingia chini ikiwa baridi, inapata joto, inapanda na kutoka juu ikiwa imebeba maji. Matundu ya juu yakiwa madogo mno, utaona nailoni inatoa jasho kwa ndani. Hapo umejenga chombo cha kupikia kwa mvuke. Yapanue. Kwa tulio kusini ya ikweta, katika kiangazi cha Juni hadi Agosti jua hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo paa liinamie kaskazini. Kila mita moja ya mraba ya wavu ipokee kilo 3 hadi 4 za vipande vibichi, isizidi hapo.

Weka kipimajoto ndani. Matunda na mboga vinataka nyuzi 50 hadi 60. Joto likipanda sana, ngozi ya nje ya kipande hukakamaa haraka na kuyafungia maji ndani. Ukikigusa utadhani kimekauka, kumbe moyo wake ni mbichi, na baada ya wiki mbili ndani ya chupa utakuta kuvu. Majani ya viungo hayataki hata joto hilo, nitayafikia.

Oveni ya nyumbani inaweza kazi hii ikiwa inashuka hadi nyuzi 60 au 70, mlango ukiachwa wazi kidogo kwa mwiko. Mashine ya umeme ya kukaushia matunda ndiyo rahisi kuliko zote: yenye wati 400 ikifanya kazi saa 10 inakula uniti 4 za umeme. Piga hesabu na bei ya luku yako uone kama inakulipa. Jiko la mkaa ndani ya nyumba usilitumie, kwa ajili ya hewa yake ya sumu na kwa ajili ya moshi utakaoingia kwenye embe.

3. Kuchagua, kuchuma na kuosha

Kuanika hakufufui kitu kilichooza. Nunua sokoni mapema asubuhi, siku gari la mzigo linapoingia. Chagua kilichoiva na bado kina ugumu wake. Nyanya iliyopasuka nenda nayo jikoni ukaipike leo.

Cha shambani kichume umande ukishakauka, jua likiwa halijawa kali. Kama ulipiga dawa ya wadudu, heshimu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko cha chupa. Usitegemee jua liondoe dawa: maji yanapotoka, kilichomo ndani ya kilo moja ya mchicha kinabaki kwenye gramu mia moja.

Osha kwa maji safi, kisha acha vichuje vizuri kabisa. Tone lolote unaloliacha kwenye jani ni kazi ya ziada kwa upepo. Kisu kiwe kikali, ubao uwe safi na usiwe ule uliokatia nyama, na unene wa vipande ulingane. Kipande cha milimita 5 na cha milimita 10 kwenye ungo mmoja ni ugomvi: mmoja utaungua, mwingine utaoza.

4. Mboga za majani

Hapa ndipo wengi hukosea kwa kuruka hatua moja, nayo ni kuchovya kwenye maji yanayotokota. Ndani ya jani lililochumwa mna vimeng'enya vinavyoendelea kufanya kazi hata likikauka. Hivyo ndivyo vinavyobadili rangi, kula vitamini na kuleta ile harufu ya majani makavu. Maji yanayotokota huvizima kwa dakika moja au mbili. Vitamini C kiasi itapotea humo, ni kweli, lakini ukiacha kuchovya utapoteza zaidi wakati wa kuhifadhi.

Chemsha sufuria kubwa ya maji, kama lita 5 kwa kila nusu kilo ya majani. Mboga ikiwa nyingi na maji machache, sufuria hupoa na majani hulowa tu bila kupata joto la kutosha. Ukipenda, weka chumvi kijiko kimoja cha mezani. Majani yaliyokatwa kiasi yafunge kwenye kitambaa chepesi au yaweke kwenye chujio, uyazamishe. Mchicha unatosheka kwa dakika moja na nusu. Majani ya kunde, majani ya maboga, mgagani, mnavu na sukuma wiki yape dakika 2 hadi 3. Kisha yatoe na uyatumbukize hapo hapo kwenye beseni la maji baridi, kwa muda ule ule. Yachuje, yakamue kidogo tu kwa viganja, usiyaponde.

Mwenye chombo cha mvuke autumie kwa dakika 3 hadi 4 badala ya maji. Huchukua muda zaidi lakini virutubisho vichache ndivyo vinavyoondoka na maji.

Sasa yatandaze kivulini. Kivulini, narudia. Rangi ya machungwa iliyojificha ndani ya kijani cha majani, ile ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, huharibiwa na mwanga wa jua wa moja kwa moja. Baraza lenye upepo linafaa. Chini ya mti panafaa ikiwa hakuna ndege juu. Kwenye kaushio, funika nailoni kwa kitambaa cheusi. Tandaza safu nyembamba kiasi kwamba unauona ungo katikati ya majani, na geuza kila baada ya saa mbili au tatu siku ya kwanza, kwa sababu majani yaliyochovywa hupenda kugandamana. Hewa ikiwa kavu utamaliza kwa siku moja au mbili.

Kuna majani ya kuachwa nje ya kanuni hii. Mlenda ukauchovya, ute wake wote unabaki kwenye maji na umepoteza ulichokuwa unakitafuta. Huo kausha ukiwa mbichi kivulini, kisha utwange. Majani ya mlonge vilevile hukaushwa mabichi. Kisamvu kina habari yake: majani ya muhogo yana sianidi, na kuchovya kwa dakika mbili hakutoshi. Kitwange, ukichemshe sufuria ikiwa wazi mpaka kiive kabisa kama cha kuliwa, ndipo ukikaushe.

Karoti zikate duara za milimita 3 hadi 5 na uzichovye dakika 3. Bamia zikate duara, ziache mbichi. Hoho na vitunguu navyo havihitaji maji ya moto. Vitunguu vianike mbali na kila kitu kingine, la sivyo maembe yako yatanukia kachumbari.

5. Nyanya

Nyanya ina maji kama asilimia 94. Kwa hiyo tenga la kilo 10 usitarajie litoe zaidi ya gramu 700 za nyanya kavu, na mtu anayeona hilo kwa mara ya kwanza hudhani ameibiwa. Hajaibiwa. Ladha yote imo humo.

Nyanya ndefu zenye nyama nyingi, kama Roma na Rio Grande, hukauka vizuri kuliko zile za duara zenye maji. Zikate nusu kwa urefu ikiwa ni ndogo, au vipande vya milimita 6 hadi 8. Toa mbegu na ute wake kwa kijiko ukitaka zikauke haraka; ute huo usiumwage, uchuje ukapikie. Panga upande uliokatwa ukitazama juu, vipande visigusane. Nyunyizia chumvi kidogo sana. Chumvi huvuta maji na kuwafukuza nzi kiasi, ila kumbuka nyanya ikisinyaa chumvi haisinyai nayo, kwa hiyo kidole na dole gumba vinatosha kwa sinia zima.

Nyanya huvumilia jua kuliko majani. Siku ya kwanza ziache juani ili uso ukauke, siku ya pili na ya tatu zihamishie penye kivuli chepesi na upepo mwingi. Kwa kawaida ni siku 2 hadi 4. Ikikauka iwe kama ngozi ya kiatu laini: inakunjika, haitoi maji ukiibana, hainati. Ukitaka kusaga unga wa nyanya, endelea hadi ivunjike.

Tahadhari moja ambayo sitaifupisha. Watu hupenda kuziweka nyanya kavu ndani ya mafuta na vitunguu saumu, kisha chupa ikakaa kabatini kama pambo. Vitunguu saumu vibichi ndani ya mafuta, pasipo hewa na kwenye joto la chumba, huweza kuotesha bakteria wa sumu ya botulini, na sumu hiyo haina harufu wala ladha ya kukuonya. Tengeneza kidogo, weka kwenye friji, ule ndani ya siku nne.

6. Maembe na matunda mengine

Embe la kukausha liwe limeiva na bado gumu kiasi cha kukatika vizuri. Lililolainika sana hunata kwenye wavu na huwezi kulitoa bila kulirarua. Lenye nyuzi nyingi hukauka vizuri tu, ila mlaji atakaa na kijiti cha meno. Menya, kwa maana ganda huzuia maji kutoka, na angalia utomvu wa kwenye kikonyo, unawasha. Kata mapande kwa urefu, unene wa milimita 5 hadi 8.

Loweka vipande dakika 10 kwenye lita moja ya maji yenye kikombe kimoja cha maji ya ndimu. Hilo huzuia weusi na kuongeza ladha kali kidogo inayopendeza. Maembe makavu ya dukani yanayong'aa kama dhahabu mara nyingi yamepitishwa kwenye salfa dioksidi. Nyumbani haina ulazima, na baadhi ya wenye pumu hudhurika nayo. La kwako litakuwa na rangi iliyofifia kidogo. Ni sawa.

Sukari usiongeze. Embe lililoiva linapotoka kwenye maji asilimia 83 hadi chini ya 20 lina utamu wa kutosha kumshinda mtoto yeyote. Kilo moja ya nyama ya embe itakupa karibu gramu 200. Hesabu siku 2 hadi 3 kwenye kaushio, na ugeuze kila siku.

Embe bichi nalo lina nafasi yake. Likate jembamba, likaushe mpaka livunjike, ulisage. Unga huo unatia ukali kwenye mchuzi wa samaki na dengu penye uhaba wa ukwaju au ndimu.

Nanasi toa moyo, kata duara za milimita 6, na uwe na subira, linachukua siku zaidi ya embe. Ndizi mbivu ipasue kwa urefu, itie ndimu, na ukubali kwamba itakuwa nyeusi. Fenesi hukauka likawa tamu ajabu, ila paka mafuta mikono na kisu kwanza. Papai linakubali, ingawa ladha yake likikauka ni ya kawaida. Tikiti maji ni kupoteza siku. Parachichi usiguse: mafuta yake huharibika na kutoa harufu mbaya.

7. Majani ya viungo, tangawizi na pilipili

Harufu ya mnanaa, mrehani, rozimari na mchaichai ni mafuta yanayoruka hewani hata kwa joto dogo. Ukisikia nyumba nzima inanukia vizuri wakati unakausha, jua kwamba harufu hiyo haiko tena kwenye majani. Kwa hiyo joto lisizidi nyuzi 40, wala jua lisiyaguse majani.

Chuma kabla mmea haujatoa maua. Rozimari na mrehani funga vishada vidogo vya matawi matano hadi kumi, vitundike vichwa chini kwenye chumba chenye hewa, au vivalishe mfuko wa karatasi uliotobolewa ili majani yanayodondoka yasipotee. Vishada vikiwa vinene, katikati huvunda. Mchaichai ukate vipande vya sentimita mbili ukiwa mbichi, kwa sababu ukikauka mzima unakata mikono. Kotimiri, sitaficha, haifai kukaushwa. Ladha yake karibu yote hutoweka. Igandishe kwenye friji badala yake.

Majani yakivunjika mkononi yaondoe kwenye vijiti, uyahifadhi yakiwa mazima, na uyasage siku ya kupika tu.

Tangawizi isugue udongo, kata duara za milimita 3 hadi 4 pamoja na ganda lake. Kilo moja itabaki karibu robo. Binzari, yaani manjano, hutangulia kuchemshwa kama dakika 45 mpaka iwe laini, ndipo inakatwa na kuanikwa. Rangi husambaa sawasawa.

Pilipili ndogo huanikwa nzima, lakini zipasuliwe ubavuni ili zisikae wiki mbili zikijaribu kutoa maji kupitia ngozi ile ngumu. Paka mafuta mikononi na usiguse macho. Pilipili ni kati ya vitu vinavyoota kwa urahisi kuvu wanaotoa sumukuvu, hasa zikianikwa ardhini na kunyeshewa. Sumukuvu haiondolewi kwa kupika. Mwaka 2004 iliua watu zaidi ya mia moja mashariki mwa Kenya kupitia mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Kwa hiyo pilipili yoyote yenye doa la kijivu au kijani ndani ya tumbo lake tupa, na usifikirie kuisaga ichanganyike na nzima. Kuanika pembeni ya lami nako nakupinga, hata kama lami inapata joto vizuri: vumbi, moshi wa magari na mbuzi wa jirani vyote vinapita hapo.

8. Kujua kama kimekauka

Acha kipande kipoe kwanza. Kikiwa cha moto kila kitu ni laini na utadanganyika. Majani ya mboga yavunjike yakawa unga kati ya vidole. Embe likunjwe bila kupasuka na nusu zake mbili zisigandane. Tangawizi ikatike kwa sauti. Mbegu za pilipili zilie ndani.

Njia ya uhakika zaidi ni mzani. Pima kilo moja ya vipande vibichi, vitenge kwenye fremu yake, na uendelee kukausha mpaka uzito ushuke: nyanya karibu gramu 70, mchicha karibu gramu 100, embe gramu 200, ndizi gramu 300. Mzani mdogo wa jikoni utakuokolea mazao mengi kuliko kaushio la bei.

9. Kusawazisha na kuua mayai ya wadudu

Matunda hayakauki sawa hata ukikata kwa rula. Yajaze kwenye chupa za kioo mpaka theluthi mbili, funga, na uyatikise kila siku kwa siku 7 hadi 10. Vipande vikavu vitanyonya unyevu wa vile vibichi vikawa sawa. Ukiona matone kwenye kioo, rudisha vyote kwenye kaushio siku hiyo hiyo. Ukiona kuvu, tupa chupa nzima. Usichambue.

Kilichoanikwa nje kimetembelewa na wadudu hata kama hukuwaona. Kiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa saa 48, au kwenye oveni ya nyuzi 70 kwa dakika 30. Majani ya viungo yapeleke friza tu. Oveni itamaliza harufu.

10. Kuhifadhi na kupika

Chupa za kioo zenye mfuniko unaobana ndizo bora, kwa maana panya hatoboi na wewe unaona ndani. Mifuko ya zipu inafaa ikiwekwa ndani ya ndoo yenye mfuniko. Jaza chupa ndogo ndogo, kwa sababu kila unapofungua chupa ya pwani unaingiza hewa ya bahari. Andika jina na tarehe. Weka mahali penye giza, mbali na jiko. Mboga hesabu miezi 6, matunda na viungo hadi mwaka mmoja. Kwenye joto la Dar punguza kidogo.

Ukifika mahali pa kutaka kuuza, nyumbani hapatoshi tena. Tanzania viwango vya chakula viko chini ya TBS, Kenya ni KEBS, na SIDO, shirika la viwanda vidogo la Tanzania, hutoa mafunzo ya usindikaji kwa wajasiriamali wadogo. Anzia huko kabla ya kuchapisha vibandiko.

Kupika ni rahisi. Majani ya kunde, viganja viwili vilivyojaa kwa familia ya watu wanne: suuza haraka, loweka kwenye maji ya moto nusu saa, kisha uyachemshe kwa maji yale yale ya kulowekea mpaka yalainike. Kaanga kitunguu na nyanya kavu zilizokatwakatwa, tia mboga, kisha karanga zilizosagwa na kuvurugwa kwa maji, au tui la nazi kwa wa pwani. Acha itokote kwa moto mdogo dakika 15 ukikoroga. Chumvi weka mwisho. Ugali wake uwe mgumu kidogo.